Redio ya Marehemu Baba

Ndugu wasomaji, habari ninayokuleteeni leo si ya wafalme wala ya mashujaa. Ni habari ya sanduku la mbao. Sanduku hilo ni redio aliyoinunua marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika mwaka wa 1959, nami wakati huo nalikuwa mtoto wa miaka sita. Redio hiyo haijapata kutoka katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, illa mara mbili tu, na mara zote mbili ilikwenda kwa fundi katika mwaka mmoja. Lakini kwa muda wa miaka 53 ilikuwa bubu. Sababu ya ububu wake nalikuwa mimi, na jambo hilo sikupata kumwambia mtu mpaka mwaka wa 2023.

Huenda vijana wengi wanaosoma ukurasa huu hawajaiona redio ya namna hiyo ila katika picha, kwa hiyo na nieleze kidogo. Ni kubwa; mtu mmoja huibeba kwa mikono miwili na kushusha pumzi akiitua. Mbao zake zimepakwa vanishi hata zikang'ara kama tende, na uso wake umevikwa kitambaa cha nyuzi za rangi ya dhahabu. Nyuma ya kitambaa hicho ndiko iliko spika yenye upana wa sahani ya kulia. Chini iko kioo chenye namba za mita, 13, 16, 19, 25, 31, 41 na 49, na majina ya miji ambayo mimi niliyasoma kabla ya kuijua ramani. Katika pembe ya kioo liko jicho la kijani: stesheni ikipatikana sawasawa, kivuli kilicho ndani ya jicho hupungua, na ikipotea, kivuli hutanuka.

Ndani hamna transista hata moja. Kazi yote hufanywa na vali, yaani taa za kioo zilizotolewa hewa, ambazo ndani yake waya hupata moto, ukatoa chembe za umeme zikaruka kwenda katika bamba la madini. Mwingereza John Ambrose Fleming aliitengeneza ya kwanza mwaka wa 1904, na miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akatia waya wa tatu katikati, na kwa waya huo umeme mdogo ukaweza kuuendesha umeme mkubwa. Redio yetu ina vali sita, na lile jicho ni moja katika hizo. Kwa kuwa vali zina haja ya kupata moto kwanza, redio haisemi mara unapoiwasha. Hunyamaza kama nusu dakika, kisha sauti huja polepole, kama mtu anayekaribia kutoka mwisho wa kichochoro. Baba aliipenda nusu dakika ile. Akisema Bismillahi, akibonyeza, akienda kuketi na kuukunjua msuli wake, ikawa kuketi kwake na kusema kwa redio ni pamoja.

Baba alikuwa karani katika maghala ya bandari ya Kilindini, mtu wa daftari na wino, na ada yake kubwa ilikuwa kutia alama. Kila kitu chake kilikuwa na alama: mwavuli, beseni, kofia, hata kijiko alichonywea dawa. Alituambia kwamba kitu kisicho na alama hakina mwenyewe. Naomba wasomaji waliweke neno hili mahali, kwani nitalirudia.

Aliinunua redio kwa ajili ya Cairo. Tangu mwaka wa 1954 Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili, na watu wa pwani wakiisikiliza kwa hamu, serikali ya kikoloni ikichukia. Lakini kwa baba jambo kubwa zaidi lilikuwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi, ambapo, katika majira ya tamasha zake, Umm Kulthum alikuwa akiimba mbele ya watu, na redio ya Cairo ikiichukua sauti yake usiku ule ule hadi nchi za mbali. Wimbo mmoja ulikuwa ukichukua saa nzima na zaidi. Wazee walijaa sebuleni kwetu, kahawa ikizunguka, na mama yangu na jirani zake wakawa upande wa pili wa pazia. Mawimbi yalikuwa yakija na kupotea kama maji ya bahari, na yakipotea hakuna aliyesema neno. Wote walilitazama lile jicho la kijani mpaka kivuli chake kipungue tena.

Najua wako wasomaji wasiokubali nyimbo, na wanazuoni wetu wamekhitalifiana katika mlango huo tangu zamani. Mimi sina elimu ya kuhukumu baina yao. Nasema tu yaliyokuwa nyumbani kwetu: Qur'ani ilitangulia, Umm Kulthum akafuata, na adhana ikitolewa redio ilizimwa. Baba alipenda kusimulia habari za Sheikh Muhammad Rif'at, ambaye kwa kisomo chake redio ya Cairo ilifunguliwa tarehe 31 Mei, 1934, naye akafariki mwaka wa 1950. Baba hakuwahi kumsikia akisoma akiwa hai. Alimsikia kwa rekodi zilizosalia, ambazo hata hizo zina mikwaruzo mingi. Ilipoanzishwa huko Cairo stesheni ya Qur'ani Tukufu katika mwaka wa 1964, baba alihesabu kwamba fedha aliyoitoa kununulia redio imekwisha kurudi.

Sasa nifike katika jambo langu.

Mwaka wa 1970 nalikuwa na umri wa miaka 17, na pamoja na vijana wenzangu wanne tulikuwa na kikundi cha kupiga muziki harusini. Tulikuwa na gitaa moja la umeme na mashine ya kukuzia sauti tuliyoinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, nayo ilikuwa ya vali. Vali zake kubwa zilikuwa mbili, za aina iitwayo EL84. Jioni moja, kesho yake ikiwa ni harusi na mwenye harusi amekwisha kutupa nusu ya fedha, vali moja ilikufa. Waya wake wa ndani ulikatika, hata ukiitia haitoi nuru wala joto. Maduka yalikwisha fungwa. Baba alikuwa amekwenda Lamu mazishini, na mama alikuwa kwa dada yake. Nami nalijua, kwa sababu nalikwisha kuisoma karatasi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha nyuma, kwamba redio yetu nayo ina EL84 moja, ndiyo inayopeleka sauti katika spika.

Nilifungua kifuniko kwa bisibisi, nikimulika kwa tochi niliyoibana kwa meno. Nikaitoa ile iliyo hai, nikaitia ile iliyokufa, ili mahali pasiwe tupu. Nilijiambia kwamba ni kuazima. Harusi ilifana, nami nikapata shilingi 10.

Baba aliporudi, Alhamisi iliyofuata aliiwasha redio kama desturi yake. Taa za kioo ziliwaka. Jicho la kijani likawaka. Aliizungusha ile sindano hadi Cairo, na kivuli cha jicho kikapungua, yaani stesheni imekamatwa barabara. Lakini sauti haikuja. Hivi ndivyo ilivyo redio yenye vali zote isipokuwa ile ya mwisho: inasikia, wala haiwezi kusema. Wazee walikunywa kahawa yao, wakaagana, wakaenda zao. Baba akaigeuza redio, akafungua kifuniko, akatazama ndani kwa tochi muda mrefu. Mimi nalisimama mlangoni nimeshika daftari nisilolisoma. Akakifunga kifuniko, msumari baada ya msumari. Akasema, "Imekufa," wala hakunitazama.

Hakuipeleka kwa fundi, na mimi nilishangaa kidogo, kisha nikafurahi, kwani nilidhani ameamini. Baadaye alinunua redio ndogo ya transista, kile kitu kilichovumbuliwa Marekani mwaka wa 1947 na ambacho kilikwisha kuenea duniani kote. Aliiita "nzi". Aliisikiliza kwa ajili ya habari tu.

Je, sikuwa na fedha ya kununua vali nyingine? Nalikuwa nayo mwezi uliofuata. Lakini nilisema, nitainunua mwisho wa mwezi. Na mwisho wa mwezi nikasema, Ramadhani ikiingia. Na kadiri nilivyochelewa, aibu ya kuchelewa ikazidi aibu ya kuiba. Kisha nikaenda chuo cha ualimu, nikaajiriwa bara, nikaoa. Kikundi kilivunjika na ile mashine ikauzwa pamoja na vali zake. Baba alifariki mwaka wa 1994, nami nalikuwa kando ya kitanda chake siku mbili za mwisho, na sikusema. Redio ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichodarizi mama.

Miaka mingine mingi ikapita namna hiyo.

Mwaka wa 2023 mama yangu alikuwa na umri wa miaka 87, na masikio yake yalikwisha kupungua. Wengi hawajui kwamba masikio ya uzee hayapungui kwa usawa. Yanayotangulia kupotea ni masikio ya sauti nyembamba. Sauti nene husalia. Ndiyo sababu mzee husikia kuwa unasema, lakini hapati maneno. Mjukuu wangu, binti wa miaka 15, alikuwa akimletea nyimbo za Umm Kulthum katika simu, na mama alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Hawa ni mbu." Alikuwa na haki. Spika ya simu ni kama ukucha. Haiwezi kutoa sauti nene hata ikitaka. Kile inachokitoa ndicho hasa kile ambacho masikio ya mama yamekipoteza.

Wala ubaya haukuwa katika mafaili yenyewe. Ndani ya simu sauti huwekwa kwa hesabu: wimbi la sauti hupimwa maelfu ya mara katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa namba. Katika zile sahani za CD vipimo ni 44,100 kwa sekunde. Namba hizo ni nyingi mno, na Wajerumani wa Taasisi ya Fraunhofer, pamoja na wataalamu wengine, walitafuta njia ya kuzipunguza kwa kuacha sauti ambazo sikio la mwanadamu halizisikii kwa sababu zimefunikwa na nyingine zenye nguvu. Ndiyo asili ya faili la MP3, jina lililochaguliwa mwaka wa 1995. Kwa kadiri ya kawaida dakika moja huchukua kama megabaiti moja, basi usiku mzima wa Umm Kulthum huingia katika kitu kisichofikia ukubwa wa punje ya mchele. Nikimfikiria Siti binti Saad, aliyevuka bahari mwaka wa 1928 kwenda Bombay kuimba mbele ya mashine ya santuri, na upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua kama dakika tatu tu, naona ajabu ya mambo haya.

Siku moja mjukuu wangu aliniambia, "Babu, redio ile ya nyanya juu ya kabati ina tundu mbili kwa nyuma, na pamechorwa santuri. Tukitia simu hapo haitasema?"

Nilimwambia ile imekufa. Akasema, "Ameiua nani?" Ni mchezo wa maneno tu wa kitoto, lakini nilikaa usiku ule sikulala.

Fundi wa kwanza niliyempelekea, ambaye ana duka zuri lenye vioo, aliitazama akacheka. Akasema, "Mzee wangu, hii matumbo yake tuyatupe. Nitakutilia mashine ya kisasa humo humo, ya bluetooth, na boksi litabaki kama mapambo." Nikamshukuru, nikaibeba redio yangu nikarudi nayo. Fundi wa pili ni mzee wa makamo yangu, aliyepata kufanya kazi ya redio za melini, na hufanyia kazi zake barazani kwake. Yeye hakucheka. Jambo la kwanza alilofanya ni kusoma majina ya vali.

Hapa nataka vijana wanisikilize, kwa sababu najua wako watakaotaka kujaribu. Fundi yule alinieleza kwamba redio za vali ziko za namna mbili. Ziko zilizo na transfoma ya umeme, na vali zake nyingi huwa na majina yanayoanza na herufi E, kama zetu. Na ziko zisizo na transfoma, ambazo vali za Kizungu za kazi hiyo nyingi huanza na herufi U. Katika redio hizo umeme wa ukutani umeunganishwa moja kwa moja na bati la ndani. Mtu akitia waya wa simu katika redio ya namna hiyo bila ya transfoma ya kutenganisha, basi ameushika umeme wa volti 240 kwa mkono wake, na kama ameziba masikio kwa waya wa simu, ameuvaa kichwani. Hata katika redio yenye transfoma, ndani mna kama volti 250, na kapasita huendelea kuushika umeme huo baada ya kuchomoa plagi. Fundi mwenyewe hakugusa kitu mpaka ameutoa umeme uliosalia na kupima kwa mita. Kijana asiyejua mambo haya na asifungue kifuniko. Mimi nilipokuwa na miaka 17 nalifungua, na kusalimika kwangu hakukuwa kwa akili yangu.

Alisema pia kwamba mtu asiiwashe redio iliyolala miaka mingi kwa haraka ya kutaka kujua kama ni nzima. Kapasita za zamani zilifanywa kwa karatasi na nta. Kwa miaka unyevu huingia, hasa katika mji wa pwani kama wetu, nazo huanza kuvujisha umeme. Iko moja ndogo inayokaa mbele ya ile EL84, na hiyo ikivuja, vali hupata moto kupita kiasi mpaka ife na pengine iunguze transfoma ya spika pamoja nayo. Zote hizo alizibadilisha. Kisha akaiwasha redio kwa kupitisha umeme katika globu ya wati 60 ya namna ya zamani, ili ikiwa kuna kosa, globu ndiyo iwake na redio isiungue.

Lakini kabla ya hayo yote, alizitoa vali moja moja akazipanga juu ya gazeti. Akazifuta vumbi. Kisha akasema, "Maalim, mwenyewe redio hii alikuwa mtu wa hesabu. Tazama."

Katika kila vali, chini karibu na miguu yake, palikuwa na nukta ndogo ya rangi nyekundu. Nilihesabu nukta tano. Ile ya sita haikuwa nayo.

Fundi akaigeuza mkononi. "Hii ndiyo iliyokufa," akasema. "Wala si ya humu. Hii imetoka mahali pengine."

Mimi nilikuwa na umri wa miaka 70, ni mwalimu mstaafu, watu hunipisha njia. Niliona miguu yangu haina nguvu, nikakaa juu ya ngazi ya baraza yake. Nukta zile nilikuwa sikuziona usiku ule wa tochi; na baba, aliyezitia kwa mkono wake, alipofungua kifuniko alikuwa hana haja ya kutafuta. Kitu kisicho na alama hakina mwenyewe.

Vali mpya ilipatikana bila ya taabu, na hilo nalo lilinichoma. Fundi alinieleza kwamba EL84 inatengenezwa mpaka leo, huko Slovakia na Urusi, na sababu ni wapiga magitaa, ambao hawataki kuiacha. Lakini vali ya jicho la kijani haitengenezwi tena; zinazouzwa ni zile zilizosalia ghalani. Jicho letu bado linaona, ingawa limefifia.

Kuiunganisha simu ilikuwa kazi ndogo. Zile tundu mbili za nyuma ziliwekwa kwa ajili ya gramafoni, na sauti inayotoka katika simu haipishani mno na ile iliyokuwa ikitoka katika sindano ya gramafoni. Simu ina sauti mbili, ya kulia na ya kushoto, na redio ina moja tu. Basi fundi akaziunganisha kwa kupitisha kila moja katika rezista yake, kwa maana kuzifunga pamoja hivi hivi si vizuri kwa simu. Simu ya mjukuu wangu haina tundu la waya, kwa hiyo alinunua kijikamba cha kugeuzia. Nilimwuliza fundi kwa nini tusisikilize stesheni kama zamani. Akaizungusha sindano tukasikia mlio wa kukwaruza tu. Hizo ni chaja za simu na taa za kisasa za mtaa mzima, alisema. Na tena stesheni zenyewe zinapungua. Mwaka ule ule, tarehe 27 Januari, idhaa ya redio ya Kiarabu ya BBC ya London ilikuwa imenyamaza, baada ya kusema tangu 1938.

Tuliirudisha nyumbani siku ya Alhamisi. Sikuichagua siku hiyo kwa makusudi. Ndiyo siku fundi alipomaliza. Mjukuu wangu akaiweka juu ya meza, akatia waya, akabonyeza. Kimya. Akanitazama kwa wasiwasi, nami nikamwambia angoje. Ile nusu dakika ilikuja kama ilivyokuwa, na harufu ya vumbi linalopata moto juu ya vali, ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Kisha sauti ikaja. Tulianza na kisomo cha Sheikh Rif'at, na mama, aliyekuwa ameegemea mto, alikaa wima.

Hakusema kitu mpaka kisomo kimekwisha. Sauti ilikuwa nene, imejaa, inatoka katika mbao zenyewe. Si kwamba redio ile ni bora kuliko vyombo vya leo, la, kwa mizani ya fundi ina upungufu mwingi na sauti nyembamba huzimeza. Lakini kile inachokitoa ndicho mama anachokisikia. Kisha mjukuu wangu akaweka Umm Kulthum. Mama akaanza kufuatisha maneno, akitangulia hata mahali ambapo mwimbaji ananyamaza na vinanda vinazunguka.

Nilimtuma mtoto akalete maji, ingawa hakuna aliyekuwa na kiu. Kisha nikamwambia mama kila kitu, karibu na sikio lake, kwa sauti nene. Nilikuwa nimetayarisha maneno kwa muda wa wiki mbili, na hata theluthi yake sikuyatumia.

Mama akasema, "Baba yako alijua usiku ule ule."

Nikasema, "Mama, alikwambia?"

"Aliniambia, 'Ile si yangu, haina alama.' Nikamwambia, mwulize mtoto. Akasema, 'Nikimwuliza atasema uongo, na redio haina thamani ya uongo wa mwanangu. Nitangoja aniambie mwenyewe.'"

"Akangoja?"

"Akangoja. Alhamisi nyingine alikuwa akiiwasha, akalitazama lile jicho, kisha akaizima. Nikamwambia, si ununue vali, bwana. Akasema, 'Inunuliwe na aliyeichukua.'"

Nilimwuliza kama alinikasirikia. Mama alifikiri. Akasema, "Alikusomesha." Kisha akaniambia niiongeze sauti, kwa maana wimbo ulikuwa umefika mahali alipopapenda.

Nilikwenda kumwuliza sheikh wa msikiti wetu, faraghani, juu ya haki ya mtu aliyekwisha kufa. Akanieleza kwamba mali ya maiti hurithiwa, na haki zake katika mali vile vile, basi deni langu ni kwa warithi wa baba: mama yangu na dada zangu wawili, pamoja na mimi mwenyewe. Lakini kule kungoja kwake, akasema, hakumo katika mirathi. Hilo nimwombee dua na nitake maghufira. Nimefanya hivyo, na ninaendelea.

Mama alinisamehe papo hapo, tena kwa kuudhika kidogo, kana kwamba namchelewesha. Dada yangu mkubwa alicheka hata machozi yakamtoka, akasema yeye siku zote alidhani ni panya. Dada yangu mdogo hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa miguuni pa baba siku za Alhamisi, naye alikuwa na miaka tisa redio iliponyamaza. Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne alinipigia simu akasema hataki fedha ya vali. Anataka redio ikae kwake Ramadhani nzima, mwaka huu na kila mwaka, muda wa uhai wake.

Nimekubali. Mama ndiye aliyebisha kwanza, mpaka alipoahidiwa kwamba naye atachukuliwa pamoja na redio. Fundi ameniandikia karatasi ya mambo ya kuangalia kabla ya kuichomeka huko: kile kidude cha nyuma kiwe kwenye volti 240, isiwekwe kitambaa juu yake ikiwa inawaka, kwa sababu vali zina haja ya hewa, na mtoto yeyote asikifungue kifuniko. Na mjukuu wangu ameniuliza kama vali mpya tuitie nukta nyekundu. Nimemwambia amwulize nyanya yake.